Risasi Zilizopakwa Mafuta

Nitajisifu kidogo, na atakayechukia achukie. Kati ya mwaka 2015 na 2019, katika gereji moja ya Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, nilikuwa natengeneza risasi za kulengea shabaha ambazo watu walizifuata kutoka Pretoria na mbali zaidi. Walikuja na magari yao makubwa, wakaegesha mbele ya spaza, kile kiduka cha mtaani, wakauliza kama fundi wa risasi yupo. Fundi mwenyewe ni mimi, mwanamke wa Uvira, mashariki mwa Kongo, nimefunga kitambaa kichwani na vidole vinanuka mafuta ya sufu ya kondoo. Wengine waliniangalia, kisha wakachungulia nyuma yangu kumtafuta fundi mwingine. Niliwaacha watafute.

Nikitaja risasi watu hushtuka, kwa hiyo nieleze mapema. Kuna mchezo ambao mlengaji hukaa kwenye meza, bunduki yake imelala juu ya vifuko vya mchanga, na mbele yake kuna karatasi iliyowekwa mbali kiasi kwamba bila darubini huambulii kitu. Anapiga risasi tano. Kinachotafutwa ni zote tano zipite kwenye tundu moja. Tundu likiwa dogo ameshinda. Likitanuka hata upana wa ukucha anarudi nyumbani kimya. Hafi mnyama, hatishwi mtu. Bunduki za mchezo huo hujengwa moja moja, na wanaojua mchezo hawanunui risasi za dukani. Wanatafuta mtu wa kuwatengenezea kwa mkono.

Gereji ilikuwa ya mzee wa Kireno, fundi bunduki wa miaka mingi, leseni yake imetundikwa ukutani karibu na picha ya Bikira Maria. Tulikutana saluni. Wakati huo nilikuwa nasuka nywele katikati ya jiji, jirani na stendi ya teksi, na mkwe wake, mwanamke wa Msumbiji, alikuwa mteja wangu. Mzee alikuja kumchukua, akakaa kwenye kiti cha plastiki kulalamikia maegesho. Baada ya muda malalamiko yakaisha. Nilipogeuka, alikuwa ameinama anakodolea macho vidole vyangu.

"Unajuaje kwamba msuko huu na ule ina unene mmoja?" aliniuliza kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha pekee tuliyoielewa sote.

"Vidole vinaniambia."

"Na vikikudanganya?"

"Havijawahi."

Alicheka. Jumamosi iliyofuata alirudi bila mkwe, akanimiminia kiganjani risasi chache za shaba, zinazong'aa, akasema moja kati yake ni mbovu. Nilizibiringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, moja baada ya nyingine, nikamrudishia mbovu yake. Kwa macho hukuweza kuona chochote. Mwezi haukuisha nikawa nimeacha kusuka.

Mipaka ya kazi ilikuwa wazi. Bunduki na baruti zilikuwa mali yake, ndani ya sefu, na ufunguo haukutoka shingoni mwake. Mimi sikuwa na kibali cha silaha wala sikukitamani. Risasi yangu ilikuwa kikombe chembamba cha shaba chenye moyo wa metali laini, basi. Ukiiacha mezani miaka kumi haimdhuru hata inzi.

Lakini kuitengeneza vizuri, hapo ndipo penye kazi. Nilikata ile metali laini, nikaiosha, nikaisindilia ndani ya kikombe kwa mashine ya mkono, kisha nikaipitisha kwenye kalibu iliyoipa ncha. Siri iko kwenye mafuta. Kabla ya kuingia kwenye kalibu, kila risasi hupakwa mafuta ya sufu ya kondoo, kidogo sana, kwa ncha za vidole, na zote zipate kiasi kilekile. Ukizidisha, shaba inajikunja. Ukipunguza, inakwama. Zikishakamilika, mafuta yote yanaoshwa mpaka risasi ilie ukiisugua kwa kitambaa. Mafuta ni rafiki wakati wa kuitengeneza na adui baada ya hapo. Hilo likumbukwe, maana ndilo lililotuletea balaa.

Mzee naye alikuwa upande wake wa gereji, anakereza mitutu na kuchonga vitako vya mbao. Bunduki ikishaungwa inabaki kutulizwa. Kila mtutu una mtetemo wake, na mzee alifunga kizito kidogo cha chuma mdomoni mwa mtutu, akakizungusha kwa kiasi cha unywele, tukaenda uwanjani kupiga, tukatazama karatasi, akakizungusha tena. Kuna siku tulirudi na karatasi zenye matundu yaliyotawanyika, mzee kanuna njia nzima. Halafu ikaja siku moja risasi zote zikaingia palepale, bunduki imetulia kama mtoto aliyeshiba, na mzee akanipiga bega akasema, "Sharp, fundi," yaani safi kabisa. Neno fundi alilipata kwangu. Alilitamka vibaya na nililipenda hivyohivyo.

Sasa niingie kwa mama.

Mama alinifuata mwaka wangu wa pili wa kazi hiyo, akitokea Uvira. Tulipanga vyumba viwili kwenye mtaa wenye mikate ya Kireno upande mmoja na Wakongo wauza samaki wakavu upande wa pili, na wiki ya kwanza tu alikuwa ameshajua bei ya kila kitu. Mama ndiye aliyenifundisha kusuka. Ndiye aliyenibeba mgongoni, mimi sijui kutembea vizuri, tukavuka milima usiku watu wakipigana mjini. Hadithi hiyo sikumbuki mwenyewe; naijua kwa kuwa hawezi kusikia mlango ukigongwa kwa nguvu bila kusimama.

Kwake nilisema nafanya kazi ya shaba. Haikuwa uongo. Ilidumu mpaka siku alipofua aproni yangu, kitu kikadondoka kwenye beseni, akakiokota na kukileta mlangoni kikiwa kinachuruzika maji ya sabuni.

"Iki ni kitu gani?"

"Risasi, mama. Ya mchezo."

Alikaa juu ya ndoo. "Masasi," alisema, vile wanavyoita kwetu. "Mutoto wangu, nilikubeba mugongoni juu ya kukimbia masasi, na leo weye njo unayatengeneza?"

"Hizi ni za karatasi, mama. Wanapiga karatasi tu."

"Yanajua kusoma? Yanajua hii ni karatasi na huyu ni mutu?"

Nikawaka. Nilimwambia kodi ya nyumba inalipwa na karatasi hizo. Nilimwambia nimepata kazi ambayo watu wenye mashine kubwa wanaikosea, na yeye anaona aibu. Akanijibu kwamba aibu haoni, anaona damu. Akaingia jikoni, akafunga mlango taratibu, na kufunga taratibu kwake ni kubaya kuliko kubamiza.

Hapo ndipo lilipokuja suala la kanisa. Kanisa letu lilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la zamani katikati ya jiji, lifti imekufa zamani, chini ni maduka ya jumla ya mablanketi. Mara moja kwa mwaka tulikuwa na Jumapili ya Kazi ya Mikono. Kila mtu huja na kitu alichokitengeneza au anachokifanyia kazi. Mshonaji huleta suti ya kitenge, muoka mikate huleta kapu, mlinzi huleta kofia yake. Lakini hukiinui mwenyewe. Mzazi wako, au mkubwa wako, ndiye anayekwenda nawe mbele, anakiinua juu na kusema, "Hii ni kazi ya mikono ya mtoto wangu." Kanisa zima linaitikia, "Mikono hiyo ibarikiwe." Kisha mzazi anakupaka mafuta ya zeituni viganjani, na mafuta hayo huyanawi mpaka kesho yake.

Miaka yote kabla mama hajaja, sikuwa na wa kuniinulia. Nilikaa nyuma nikiitikia kwa wengine. Kwa hiyo alipofika nilisubiri Jumapili hiyo kama mtoto anavyosubiri nguo ya sikukuu. Nilitaka mama asimame mbele ya watu wa kwetu, aseme. Basi. Ndicho pekee nilichokitaka katika Johannesburg nzima, na nilikitaka kwa kazi hii, si nyingine, maana ni kwa kazi hii nilikuwa bora.

Siku ilipofika mama alibeba mfuko wa plastiki wa bluu. Tulipoitwa mbele aliutia mkono akatoa wigi. Wigi niliyoisuka nilipokuwa bado saluni, tena ya majaribio, pembeni imekaa upande. Akaiinua juu kabisa. "Hii ni kazi ya mikono ya mutoto wangu." Kanisa likaitikia kwa sauti, na mwanamke mmoja wa kwaya akaniuliza bei. Mama alinipaka mafuta viganjani huku akinitazama usoni, na mimi nilikuwa nimeuma meno mpaka taya linauma. Nyumbani nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilikuwa nimebarikiwa kwa wigi iliyopinda.

Mwaka uliofuata mzee aliamua kujijengea bunduki yake mwenyewe. Miaka yote alijenga za wengine, akaona macho yake yanaanza kumchezea, akasema akingoja zaidi atalenga kwa kupapasa. Tulifanya kazi ile polepole. Kitako alikichonga kwa mbao aliyoihifadhi tangu ujana wake. Mtutu aliukereza, akaukataa, akakereza mwingine. Risasi nilizitengeneza mimi, kundi moja, shaba ya aina moja, mkono wangu mmoja, bila kupumzika katikati ili mkono usibadilike. Nasema kweli, sijawahi kutengeneza risasi nzuri kama zile. Tulipoituliza bunduki, karatasi ya mwisho ya majaribio ilikuwa na tundu moja tu, la mviringo kidogo, na mzee aliitazama kwa muda mrefu akifuta miwani.

"Mashindano yakija, mlete mama yako," aliniambia. "Aone."

Nilicheka. "Mama yangu na bunduki? Eish, mzee."

Ila nilimwambia mama, nikitegemea matusi. Mama alimenya ndizi mbili, akasema atakuja. Nilifurahi mpaka nikapika ugali mwingi kupita kiasi. Sikujiuliza kwa nini amekubali upesi namna ile.

Ijumaa kabla ya mashindano umeme ulikatika Rosettenville, ile mikato tuliyoizoea wote, na mizani ya gereji ilikuwa ya umeme. Nilitaka kuzipitia risasi mara ya mwisho, kwa hiyo nikabeba sanduku nyumbani, ambako nilikuwa na mizani ndogo ya sahani mbili. Nilizipima mezani mchana ule, nikazipanga kwa safu sandukuni, nikalifunika kwa kitambaa. Alfajiri ya Jumamosi, siku ya mashindano, nilimsikia mama jikoni anaomba. Mama huomba kila alfajiri. Nilijigeuza, nikalala tena.

Uwanja uko nje ya mji, nyasi za manjano na udongo mwekundu, vibendera vya upepo vimepangwa hadi kule kwenye karatasi. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Walimpa vizibo vya masikio, vile vikubwa vya kufunika, akavivaa juu ya kilemba, na wale wanaume wa kizungu walimpisha kwenye kiti kizuri kwa heshima ambayo mimi iliniacha mdomo wazi. Mlio wa kwanza ulipolia aliruka. Nilikaa naye, nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi. Kwa hiyo sikuwa mezani pa mzee alipokuwa anajaza maganda yake baruti na kuyavisha risasi zangu. Alifanya peke yake, kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa chuma cha miaka yote.

Zamu yake ikafika. Alipiga zote tano, taratibu, jinsi anavyopiga. Nilichukua darubini nikatazama karatasi, nikadhani nimetazama ya jirani. Matundu yalikuwa yametawanyika, moja juu, moja chini, mawili pembeni, moja huko linakokujua lenyewe. Mzee alibaki amekaa. Hakugeuka kuniangalia, na hilo liliniuma kuliko kama angegeuka.

Nilienda mezani kwake. "Upepo?" niliuliza, na nilijua si upepo, vibendera vilikuwa vimelala.

"Bunduki haijabadilika," alisema. "Tangu jana haijaguswa."

Ikabaki mimi. Nilifungua sanduku, nikachukua risasi moja, ikateleza. Nikachukua nyingine. Nikainusa. Harufu ile ningeitambua hata usingizini: mafuta ya zeituni, ya chupa ndogo ya kanisani, yaliyoombewa.

Damu ilinipanda kichwani. Risasi yenye mafuta haishikwi sawasawa shingoni mwa ganda, inatoka kwa nguvu tofauti na mwenzake. Kama mama angezipaka zote kiasi kimoja, tungeweza hata kuituliza bunduki upya. Lakini mama hupaka kwa imani. Hii kaipa tone, ile kaigusa tu, nyingine kaipaka kidole kizima kwa sababu labda aliiona ina sura mbaya.

Nilirudi kwenye kiti chake na sanduku mkononi. "Mama, umezipaka mafuta?"

Alivua vizibo kwanza. "Nimeyapaka. Yote, moja moja. Niliomba yasiingie mwilini mwa mutu. Hata siku moja."

"Mama, umeharibu kazi yangu."

"Niliomba," alirudia. Nikaona kwamba hakuja kutazama. Alikuja kuhakikisha. Alikuwa amekaa pale, kwenye kila mlio, akilinda maombi yake.

Nilikuwa na maneno makali tayari ulimini. Nikamtazama yule mwanamke amekaa katikati ya watu wenye bunduki, yeye ambaye mlango tu humsimamisha, na amekuja kwa miguu yake.

"Twende tufute," nilisema. "Mzee ana zamu nyingine."

Nilimwomba mzee spiriti na vitambaa. Nilipomweleza kilichotokea alimwangalia mama, akaangalia sanduku, akajifanyia ishara ya msalaba. Nadhani alitaka kucheka. "Kwetu mama yangu angezimwagia maji ya baraka," alisema. "Mna bahati ni mafuta."

Tulikaa mezani, mama na mimi, tukifuta. Mara ya kwanza aliishika risasi kama anavyoshika mende. Nilimwonyesha: kitambaa chenye spiriti, kisha kikavu, zungusha, sikiliza mpaka ilie. Aliipokea ya pili, ya tatu. Baada ya muda akaacha kuzitazama. Alikuwa anatazama mbali, kwenye vibendera, vidole vinazungusha vyenyewe, na nikaviona vidole vile vilivyonishika kichwa utoto wangu wote. Nikaona vimefanana na vyangu mpaka kucha.

Akasimamisha mkono. "Hii haiko sawa na wenzake."

"Iko sawa, mama. Nimezipima jana."

"Haiko sawa."

Niliichukua kumridhisha tu. Nikaizungusha. Shavu moja la shaba lilikuwa nene kuliko jingine, kidogo mno, uzito uleule, na mizani haikuweza kulijua hilo. Mimi ningelijua, kama mchana ule wa Ijumaa nisingekuwa nimeziamini sahani mbili kuliko vidole. Niliiweka pembeni. Mama hakusema kitu, alinyoosha mkono kuomba nyingine. Alikuwa amejipanga vizuri kwenye kiti, mabega nyuma. Namjua mama yangu akianza kujivuna.

Zamu ya mzee iliporudi, mama alikataa kuvaa vizibo. Alisema anataka kusikia. Alisimama kando yangu, na kila mlio nilihisi bega lake likishtuka, lakini miguu haikusogea. Walipoileta karatasi, mzee hakuipokea. Alisema wampe mama.

Kulikuwa na tundu moja. Ukilitazama kwa karibu ungeona mapindo ya risasi tano kwenye ukingo wake, zimepandana. Lilikuwa dogo kuliko la mtu yeyote siku ile. Kikombe cha ushindi hatukupata, kwa sababu karatasi ya kwanza iliyotawanyika ilihesabiwa pia, na mzee alisema hajali, na nusu ya hiyo ilikuwa kweli. Mama aliiinua karatasi dhidi ya jua. Mwanga ulipita kwenye tundu ukamwangukia shavuni.

"Yote tano yamepita hapa?"

"Yote."

Aliikunja mara moja, akaitia kwenye pochi yake. Wiki zikapita. Karatasi sikuiona tena, na mimi na kiburi changu sikuuliza.

Jumapili ya Kazi ya Mikono ikafika. Nilipotoka chumbani nimevaa, ule mfuko wa plastiki wa bluu ulikuwa mezani, umevimba. Nilitaka kusema nina homa. Lakini mama alikuwa ameshashika mlango, kwa hiyo nikamfuata, tukapanda teksi, tukapanda ngazi za jengo, na kila ngazi niliiona wigi ile ikinicheka ndani ya mfuko.

Tuliitwa. Mama alikwenda mbele akiwa ameshika kiwiko changu, akafungua mfuko, akatoa leso yake kubwa, na ndani ya leso akatoa karatasi. Aliinyoosha mikunjo kwa kiganja. Akaiinua kwa mikono miwili.

"Hii ni kazi ya mikono ya mutoto wangu."

Watu walitazamana. Karatasi yenye tundu. Mchungaji aliinamisha kichwa kuelekea kwake, akauliza kwa upole ni kazi gani hiyo, mama.

"Ni masasi," alisema mama.

Nilisikia viti vikilia. Hakuna kanisa la watu wa kwetu ambalo neno hilo linapita hivihivi. Kila benchi lilikuwa na mtu aliyekimbia kitu.

"Mutoto wangu anatengeneza masasi," alisema tena, kwa sauti ya mtu anayeuza sokoni. "Matano yamepita hapa, kwa tundu moja. Miye nilikuwa pale, nilisikia kila moja. Hakuna mutu alianguka. Tangu nizaliwe, njo masasi ya kwanza niliyosikia na hakuna mutu alianguka. Na sisi bote tunajua ile masasi ingine inafanya nini."

Kibwagizo hakikuja. Mchungaji alishika kitabu chake. Nilianza kumvuta mama tukae, na mama akaung'oa mkono wake, karatasi bado iko juu.

"Nangoja," aliwaambia.

Na alingoja. Hatimaye nyuma kabisa, karibu na mlango, yule mlinzi wa kofia akasema peke yake, "Mikono hiyo ibarikiwe." Halafu mshonaji. Halafu wanawake wa kwaya, na baada yao wote, bila kupendezwa sana wengine, lakini walisema. Mama aliteremsha karatasi. Akamimina mafuta kwenye viganja vyangu, mengi, yakamwagika sakafuni, akayasugua mpaka kwenye vifundo vya vidole, kimoja kimoja. Nilijivuna siku ile kiasi kwamba sikuweza kuwatazama watu, nilitazama dari.

Kama ilivyo desturi, sikunawa. Nililala na mikono inanuka zeituni.

Jumatatu alfajiri nilipoingia jikoni, mama alikuwa ameshaomba. Mezani palikuwa na beseni la maji ya moto, sabuni ya kipande, na taulo safi. Alisogeza beseni upande wangu.

"Nawa vizuri," alisema. "Mpaka kwa kucha. Kazi yako haitaki mafuta."